Sura ya Tano: Darasa Chini ya Mabati

Mvua ya Kasongo haipigi hodi. Unaona upepo umepeperusha vumbi, majani ya migomba yamepindukia upande mmoja, matone makubwa machache yamepiga uani, na mara mabati yote ya mtaa yanalia kwa pamoja. Aliye ndani hamsikii tena hata mwenzake aliyekaa naye mkeka mmoja. Shuleni kwetu kila mtoto anaijua saa hiyo: mwalimu anaweka chaki, anafunga mikono, darasa linangoja, na hakuna wa kumlaumu. Lakini yule anayefundisha akiwa sebuleni kwake, mwanafunzi wake yuko Osaka au Riyadh, hana ruhusa ya kufunga mikono. Mwanafunzi anaona kwenye kioo midomo inacheza bila sauti, na dakika 25 alizolipia zinakwenda. Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei.

Naanza na mvua kwa sababu vijana wanaoniuliza habari za kazi hii huanza na dola. Wanataka kujua kama ni kweli mtu anaweza kukaa kwetu Maniema, Kongo, iwe Kasongo, Kabambare au kule Wamaza, akawafundisha Kiingereza watu wa ng'ambo, na akalipwa. Ni kweli, inawezekana. Ila anayeuliza hudhani kwamba atakuwa anauza Kiingereza tu, kumbe anafungua shule nzima. Shule ina paa, ina taa, ina kengele, ina mtu wa kuzuia watu mlangoni, ina mhasibu. Shule ya mtaani mizigo hiyo huigawana: serikali kidogo, parokia au jumuiya ya Kiislamu kidogo, wazazi sehemu kubwa. Shule ya mtandaoni inabebwa na kichwa kimoja, cha mwalimu. Faida na hasara zote nitakazozitaja humu zinatoka kwenye mzigo huo.

Kuuza lugha si jambo geni hapa kwetu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alipoifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, Kiswahili kilifika pamoja na bunduki, pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Aliyekijua alihesabiwa miongoni mwa waungwana, akawa mkalimani, karani wa msafara au mwakilishi wa tajiri. Asiyekijua alibeba mzigo kichwani. Aprili 1893 askari wa Dhanis, afisa wa Kibelgiji, wakaingia Kasongo kwa niaba ya Mfalme Leopold, na tangu hapo lugha ya kukalia kiti ikawa Kifaransa. Babu zetu walijua mapema kwamba lugha ya mwenye nguvu ina bei.

Leo ni zamu ya Kiingereza. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na makaratasi ya makao makuu yake Arusha huandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa kwetu anayefuata bidhaa Kampala, Dubai au Guangzhou hawezi kubishana bei kwa Kifaransa. Matangazo ya kazi ya mashirika ya misaada hudai lugha mbili. Kwa hiyo kijana aliyemaliza masomo ya Kiingereza na tamaduni za Kiafrika katika moja ya zile taasisi za ualimu tunazoziita ISP ana kitu mkononi. Shida ni mahali pa kukiuza. Akiingia darasa la sekondari huenda akawa mmoja wa wale wanaoitwa N.U. au N.P., mwalimu anayeshika chaki kila asubuhi ilhali hayumo katika orodha ya mishahara, anaishi kwa prime wanayochangishwa wazazi. Shule zilipofunguliwa Septemba 2024, walimu wa sehemu nyingi za nchi waligoma wakidai mshahara wa dola 500 kwa mwezi. Ukisikia dai hilo, halafu ukasikia kuna kampuni inalipa dola kumi kwa saa moja ya mazungumzo, huwezi kumlaumu kijana kwa kushtuka.

Dola kumi hizo si hadithi. Cambly, kampuni ya Marekani, kwa miaka mingi imelipa senti 17 kwa kila dakika ya kuzungumza na mwanafunzi, sawa na dola 10.20 kwa saa, na haidai shahada wala uzoefu wa kufundisha. Unakaa mbele ya kamera, mtu wa Brazil au wa Saudia anapiga, mnaongea. Hiyo ni aina moja. Aina ya pili ni kampuni zinazomwajiri mwalimu kufundisha watoto kwa somo lililokwisha kuandaliwa: picha zipo, nyimbo zipo, yeye ni kuigiza na kutabasamu. VIPKid ya Beijing, iliyoanzishwa mwaka 2013, ndiyo iliyovuma kuliko zote. Aina ya tatu ni soko. Unapanga meza yako, unaandika bei yako, wanafunzi wanapita wakichagua. Italki iliyoanza mwaka 2007 ni ya aina hiyo, na Preply ya vijana wa Ukraine iliyoanza mwaka 2012 pia.

Soko lina ushuru wake. Italki imezoea kukata asilimia 15. Preply somo la kwanza na kila mwanafunzi mpya imekuwa ikilichukua lote, mwalimu hapati hata senti. Masomo yanayofuata inaanza kwa kukata asilimia 33, ikipungua polepole mpaka 18 kwa mwalimu aliyepitisha saa 400. Weka bei ya dola 5 kwa saa, kama wengi wanavyofanya ili waonekane, uone kitakachobaki: somo la kwanza sifuri, la pili dola 3 na senti 35. Anayebadilishabadilisha wanafunzi kila wiki anafundisha bure mara nyingi kuliko anavyojua. Anayefaidi soko la namna hii ni mwenye wanafunzi wachache waliokaa naye mwaka mzima, kama vile mchuuzi wa sokoni anavyoishi kwa wateja wa kila siku, siyo kwa wapita njia.

Sasa tuje mlangoni, maana wengi wa kwetu huishia hapo. VIPKid ilikuwa na walimu zaidi ya laki moja, na ili uingie ilikupasa uwe na haki ya kufanya kazi Marekani au Kanada. Kampuni nyingi nyingine zina orodha ya nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti ya nchi hizo anaitwa mzawa wa lugha. Wengine wote, hata Mkenya au Mganda aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, wanaulizwa vyeti juu ya vyeti. Mtaalamu wa Kihindi, Braj Kachru, alilieleza jambo hili mwaka 1985 kwa mfano wa duara tatu: ndani wenye lugha, katikati waliotawaliwa kwa lugha hiyo, nje wanaojifunza. Kenya na Uganda ziko duara la katikati. Sisi wa Kongo tuko la nje kabisa. Miaka saba baadaye Robert Phillipson, Mwingereza, akaandika wazi kwamba imani ya kuwa mzawa ndiye mwalimu bora ni uongo uliozoeleka.

Nami nasema hivyo hivyo. Mtu wa Kabambare aliyenyonya Kibangubangu, akacheza kwa Kiswahili, akasoma kwa Kifaransa, kisha akakihangaikia Kiingereza kwa kamusi na redio, anajua mahali mwanafunzi anapokwama, kwa sababu yeye mwenyewe alikwama hapo. Kijana wa Ohio anayejua lugha moja aliyoikuta kinywani hajui kwa nini kitenzi kinabadilika. Anajua tu kwamba kinabadilika. Lakini haki ni kitu kimoja na mlango ni kitu kingine. Usipoteze mwaka mzima ukiandika barua za maombi kwa kampuni ambayo tangazo lake, mstari wa tatu, linataja pasipoti usiyo nayo. Masoko ya aina ya tatu huwapokea watu wa nchi zote, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa bei ya chini kuliko ya yule wa Ohio. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Wako watakaokunong'oneza njia ya panya: kodi akaunti ya mtu wa nchi nyingine, washa programu ya kuficha mahali ulipo, ingia. Nairobi biashara ya kukodisha akaunti ilikua kubwa miongoni mwa wanaowaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, kwa hiyo njia inajulikana. Inajulikana pia mwisho wake. Siku kampuni inapogundua, au siku mwenye akaunti anapoamua kubadilisha neno la siri, fedha ya miezi miwili inabaki ndani, na huna ofisi ya kwenda kulalamika kwa sababu kwenye vitabu vyao wewe hujawahi kuwepo.

Tuseme umeingia kwa njia halali. Tufungue hesabu za shule yako.

Taa kwanza. Kwetu Kasongo watu wengi wanaishi kwa sola na jenereta. Kompyuta ndogo hula kama wati 50. Paneli moja ya wati 100, kwenye siku ya jua zuri, inaweza kukupa nguvu ya kuiwasha saa sita au saba, ukitoa inayopotea njiani. Kwenye karatasi inatosha. Ila siku ya mawingu ya Novemba hupati hata nusu, na betri ya asidi ukiikausha mara kwa mara inakufa kabla ya mwaka kuisha. Jenereta nayo inanguruma, na kipaza sauti cha kompyuta hakijui kwamba kelele hiyo ndiyo inayokilisha. Mwenye busara hununua betri kwanza, kompyuta baadaye. Niliowaona wakifanya kinyume waliishia kufundisha kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la maziwa, wakiomba kuchaji kwa jirani mwenye duka.

Baada ya taa, mega. Mazungumzo ya video hula kati ya nusu gigabaiti na gigabaiti moja na nusu kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Chukua bei ya gigabaiti moja unayolipa leo pale unaponunua, izidishe kwa saa ulizopanga kufundisha kwa mwezi, kisha ilinganishe na zile dola 3 na senti 35 ukizizidisha nazo kwa saa hizo hizo. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, si kwa moyo. Kwa watu wengi wa mjini inalipa kidogo. Kwa aliyeko kijijini, anayepanda kichuguu ili apate mistari miwili ya mtandao, hailipi kabisa, na hata ingelipa, sauti yake ingekuwa inakatika kama ya mtu anayezama. Mitambo ya setilaiti ya Starlink ilipigwa marufuku na mamlaka ya mawasiliano ya Kongo mwaka 2024, kisha ikapewa leseni Mei 2025. Ni habari njema kwa bonde lisilo na mnara. Kumbuka tu kwamba sahani yake ya kawaida hula wati 75 hadi 100, zaidi ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo paneli moja haitoshi tena, na unarudi dukani. Ndiyo maana kila ninapoona watatu au wanne wamechanga sahani moja na betri moja, nafurahi. Wamegundua kwamba shule haikujengwa ibebwe na mtu mmoja.

Jua la kwetu lina bahati moja isiyosemwa. Maniema iko kwenye saa ya Lubumbashi, saa mbili mbele ya ile ya dunia. Mfanyakazi wa Japani anayetaka somo baada ya kazi, kati ya saa moja na saa nne usiku kwake, anakukuta wewe kati ya saa sita na saa tisa mchana, wakati paneli inapomimina nguvu zake zote na watoto wako wengine wangali shuleni. Mtu wa Riyadh anayeanza somo saa kumi na mbili jioni anakukuta saa kumi na moja, kabla ya magharibi. Lakini mtu wa São Paulo wa saa moja usiku ni saa sita ya usiku wa manane Kasongo: betri imechoka, wewe umechoka, na mwanga wa taa yako ya dirishani unamwambia kila mpita njia kwamba ndani mna kompyuta. Kuchagua wanafunzi wa mashariki badala ya wale wa magharibi ni uamuzi wa maana kuliko cheti chochote cha ualimu, na sijauona ukiandikwa kwenye kurasa za wanaouza vyeti hivyo.

Angalia pia simu yako. Wengine simu zao zimewekwa saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mwalimu anangoja kwa utulivu, kumbe mwanafunzi ameshangoja, amekata tamaa na kuandika malalamiko. Kwenye masoko haya nyota alizokupa mwanafunzi ndizo uso wako. Mwanzoni, ukiwa na wanafunzi watatu tu, nyota moja mbaya inatosha kukuzika.

Nimesema kuna mtu wa kuzuia watu mlangoni. Hilo ndilo gumu kuliko umeme, na halina paneli. Kwetu mtu aliyeko nyumbani hana kazi. Kazi ni kutoka: kwenda shambani, sokoni, ofisini, kuchimba dhahabu Salamabila. Anayeonekana amekaa sebuleni saa saba mchana, amevaa shati safi juu na kitenge chini, akicheka na kioo, huyo ni mtu anayeweza kutumwa. Mjomba anapita, "Hodi!", na huwezi kumwambia mjomba asubiri dakika 25, utaitikia "Karibu" kabla ya kufikiri. Mtoto anakuja na daftari. Jirani anaomba chumvi. Adhana ya msikiti wa mtaa inaingia kwa kipaza sauti, na Kasongo ni mji wa misikiti. Hiyo walau ina saa yake, unaweza kuipangia. Mbuzi hapangiki.

Mwanaume akitoa tamko, nyumba inaweza kunyamaza. Mwanamke je? Wanaoisifu kazi hii husema imewafaa sana akina mama kwa sababu hawalazimiki kuacha watoto. Nusu yake ni kweli. Mama mwenye shahada ya Kiingereza ambaye mume wake hataki afanye kazi mbali, au ambaye njia ya kwenda kazini ina vizuizi vya watu wenye silaha, anaweza kupata pesa yake bila kuvuka kizingiti, nami nalihesabu hilo kuwa jambo kubwa. Nusu nyingine ni kwamba yeye ndiye huyo huyo anayetarajiwa kusonga ugali, kuchota maji na kumpokea mgeni, na kazi isiyoonekana haimpunguzii hata ndoo moja. Kinachosaidia ni kuzungumza na watu wa nyumba kabla ya kuanza, wakubwa kwa wadogo, na pesa ya kwanza ikija wote waionje. Mama mkwe aliyekula samaki wa mshahara wa mtandaoni atakuwa mlinzi wa mlango kuliko kufuli lolote.

Ukiwa umevuka yote hayo, umefundisha, umelipwa kwenye kioo. Pesa iko kwenye akaunti ya Payoneer au PayPal, tarakimu za kijani. Kuifikisha mfukoni ni safari yake. Fomu za kigeni zina nafasi ya majina mawili, sisi tuna matatu tangu Mobutu alipotuletea majina ya asili mwaka 1972. Ukiyaandika kwa mpangilio mmoja kwenye akaunti na mwingine kwenye kitambulisho, mlango unafungwa mpaka uthibitishe kwamba wewe ni wewe. Na kitambulisho chenyewe kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, karatasi ambayo karani wa ng'ambo hajawahi kuiona. M-Pesa iko Kongo tangu 2012 na imetuokoa kwa mengi, lakini kati yake na dola za nje huwa kuna daraja la mtu wa kati, naye hakati kidogo. Wengi hutumia ndugu aliyeko Kampala au Bujumbura apokee kisha atume. Njia hiyo inafaa kadiri ndugu anavyofaa. Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, benki zake zilifunga milango, na waliokuwa wameweka akiba huko walibaki na namba za akaunti tu. Usiweke mshahara wote mahali pamoja.

Wala usidhani serikali ziko mbali na kazi hii kwa kuwa unaifanya sebuleni. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ya Kongo ilizimwa, ikakaa hivyo karibu siku ishirini. Uganda ilizima yake wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Mwenye duka siku hizo aliuza sabuni kama kawaida. Mwalimu wa mtandaoni alikuwa amefungiwa shule bila barua. Na kubwa kuliko zote ilitokea China Julai 2021, serikali ilipotangaza sera ya kupunguza mizigo miwili ya wanafunzi, ile ya kazi za nyumbani na ile ya masomo ya ziada. Kampuni zikakatazwa kuwafundisha watoto masomo ya shule kwa faida na kutumia walimu walioko nje ya China. Ndani ya wiki chache VIPKid ikaacha kuuza masomo ya walimu wake wa Marekani. Watu waliokuwa wanaamka saa kumi alfajiri, wamepaka ukuta wa chumba rangi, wamenunua midoli na taa, wakabaki na midoli. 51Talk, iliyokuwa ikitumia walimu wa Ufilipino, ikahama na kutafuta wanafunzi nchi nyingine. Kama mwalimu wa Texas mwenye kila karatasi aliamka hana kazi kwa tangazo la Beijing, wewe wa Kasongo jua kwamba kazi hii ni msimu. Kuna msimu mrefu, kuna msimu mfupi.

Hata hivyo sikuandika sura hii ili kukukatisha tamaa. Nimewaona walimu ambao Kiingereza chao kilikuwa cha ubaoni tu, sentensi kavu za vitabu, wakabadilika ndani ya miezi sita kwa kuzungumza kila siku na watu wa mataifa mbalimbali. Hata kazi ikikoma, ulimi huo unabaki wao. Mwenye ulemavu wa miguu, ambaye barabara ya matope ilimfungia nje ya kila ofisi, hapa anaonekana kuanzia kifua kwenda juu kama wenzake wote. Na dola 40 kwa mwezi, baada ya kutoa mega na betri, ni ada ya mdogo wako.

Ninachokushauri ni kutazama vizuri meza unayoipanga. Kiingereza ndiyo bidhaa ambayo kila mtu anaiuza, na wewe unaiuza ukiwa duara la nje. Kiswahili na Kifaransa ulivyo navyo vina wauzaji wachache zaidi, na wa Kiswahili haulizwi pasipoti ya Uingereza. Wakongomani wengi waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu 1996 wako Marekani sasa: Louisville, Dayton, Grand Rapids. Watoto wao wanaota kwa Kiingereza, na bibi akipiga simu kutoka nyumbani wanampa baba simu na kukimbia. Wazazi hao wanahitaji mtu wa kuwarudishia watoto Kiswahili, na mtu huyo lazima ajue Kiingereza ili aelewane na mtoto. Jumamosi saa nne asubuhi ya Louisville ni saa kumi au kumi na moja jioni kwako. Atakayekutafutia mwanafunzi wa kwanza ni shangazi, si kampuni, na hakuna atakayekukata asilimia 33.

Kuna pia soko la hapa hapa. Wafanyabiashara wa Kasongo wanataka Kiingereza cha kuhesabu, kuulizia bei na kukataa. Hawana muda wa kukaa mbele ya kamera. Watumie somo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika tatu asubuhi, wakujibu jioni kwa sauti zao, uwasahihishe usiku. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata nusu mega, hautegemei jua, na unaweza kuurekodi mvua ikishapita. Watalipa kwa faranga, kidogo, lakini utawakuta sokoni wakichelewa.

Kabla hujamlipa mtu yeyote kwa ajili ya cheti au kompyuta, ngoja mvua kubwa inyeshe. Kaa sebuleni kwako, watu wa nyumba wakiwa wanaendelea na shughuli zao, jirekodi kwa simu ukifundisha dakika 25, kisha usikilize.